Baada ya Upasuaji wa Ubongo: Anayeuguza Naye Atazamwe

Mgonjwa wa Parkinson anaporejea nyumbani Buzuruga baada ya upasuaji wa kuchochea ubongo kwa umeme, majirani huja kumjulia hali na kumshukuru Mungu kwamba mikono imetulia. Ni wachache wanaomwuliza mkewe, au binti aliyemwuguza miaka yote, yeye anaendeleaje. Hapa twaeleza kwa nini mzigo wake huenda usipungue, na mambo ambayo familia yapasa kuyajua kabla ya kulipa.

Kifaa na kazi yake

Tiba hii katika sura yake ya leo ilianzishwa na Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Nyaya nyembamba huingizwa ndani ya ubongo na kuunganishwa, chini ya ngozi, na kifaa chenye betri kinachowekwa kifuani. Umeme wake mdogo hupunguza kutetemeka, kukakamaa na uzito wa mwendo. Hata hivyo hauponyi ugonjwa wala hauzuii kuendelea kwake. Usemi, kumbukumbu na uwezo wa kusimama bila kuyumba huweza kuzidi kudhoofika.

Mzigo unatoka wapi?

Kwanza ni matarajio. Ndugu waliochangia fedha hudhani kazi imekwisha, nao hupunguza msaada wakati ambapo kifaa bado kinarekebishwa kwa miezi kadhaa na dozi za dawa zinabadilishwa.

Pili ni tabia. Baadhi ya wagonjwa huwa wazito wa moyo. Wengine huwa wepesi wa hasira au wa kutumia fedha ovyo. Anayeuguza asidhani kuwa ni ukaidi au kosa lake mwenyewe: amweleze daktari, kwa maana huenda kifaa au dawa vinahitaji kurekebishwa.

Tatu ni nafasi za watu nyumbani. Madaktari wa Paris, katika utafiti wa wagonjwa 29 uliochapishwa mwaka 2006, walikuta ndoa zikiyumba ingawa miili ilikuwa imepata nafuu. Aliyezoea kusaidiwa hutaka kujitawala. Aliyezoea kusaidia hubaki hajui nafasi yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, bei inajumuisha marekebisho ya kifaa baada ya upasuaji, na ni safari ngapi zitahitajika?
2. Nani atakirekebisha kifaa, na wapi? Kama ni nje ya nchi, nauli na malazi ya msindikizaji yatalipwa na nani?
3. Betri ni ya aina gani? Isiyochajiwa kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mwingine.
4. Dhamana ya kifaa ni ya muda gani?

Majibu yatolewe kwa maandishi, na anayeuguza awepo yanapotolewa.

Tahadhari

Dawa zisikatishwe ghafla. Kadi ya kifaa ibebwe daima na ionyeshwe kwa kila mtoa huduma, hasa kabla ya kipimo cha sumaku. Tiba ya joto la mawimbi ya umeme hairuhusiwi. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, dalili zikirudi ghafla au mgonjwa akitamka kutaka kufa, apelekwe hospitali mara moja. Kifaa kikiwa na hitilafu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo iarifiwe.

Kumtunza anayeuguza

Kukosa usingizi kwa majuma, kulia bila sababu, kumkaripia mgonjwa na kuacha dawa zake mwenyewe ni dalili za kuelemewa. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya kwa ajili yake mwenyewe, siyo kwa kumsindikiza mgonjwa tu.

Twashauri familia ifanye kikao kabla ya upasuaji na kuandika zamu: nani atalala na mgonjwa, nani atampeleka Bugando, nani atashika fedha. Siku moja ya mapumziko kwa juma iwe haki ya anayeuguza. Bajeti isiyomhesabu yeye haijakamilika.