Waliodumu, Waliojificha, Waliovuna

Katika waandishi wa hadithi za sayansi ya kubuni, Jack Williamson ndiye wa kupigiwa mfano kwa kudumu kazini. Alizaliwa Arizona mwaka 1908, kabla haijawa jimbo, akahamia New Mexico utotoni kwa gari la turubai lililokokotwa na wanyama. Hadithi yake ya kwanza ilitoka katika jarida la Amazing Stories mwezi Desemba 1928. Riwaya yake ya mwisho ilitoka 2005, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mwaka 2001, akiwa na miaka 93, alishinda Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fani hiyo. Wala haikuwa zawadi ya kumwenzi mzee: alishindana kwa hadithi mpya na watu wenye umri wa wajukuu zake, akawashinda.

Kwa wingi wa vitabu hutajwa Isaac Asimov, takribani 500 ukijumlisha alivyovihariri. Mimi hunishangaza zaidi pengo lake. Kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Foundation kilitoka 1953, cha nne 1982. Miaka 29! Na hicho cha nne ndicho kilichokuwa chake cha kwanza kuingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times. Wanaomnung'unikia mwandishi George R. R. Martin, ambaye tangu 2011 wanamngoja atoe kitabu kinachofuata cha mfululizo wake, wajue wenzao walivumilia zaidi. Mwandishi Harlan Ellison naye alitangaza mkusanyiko wa hadithi miaka ya 70, ukachapishwa 2024. Mwenyewe alikuwa kaburini tangu 2018.

Rekodi niipendayo ni ya kujificha. Mwaka 1968 majarida ya Marekani yalianza kuchapa hadithi za James Tiptree Jr., mtu ambaye anwani yake ilikuwa sanduku la posta huko Virginia. Mikutanoni haonekani, lakini barua anajibu, tena kwa bashasha. Mwandishi Ursula Le Guin aliandikiana naye kwa miaka. Kwa jinsi alivyoyajua mambo ya bunduki na ujasusi, wengi walishikilia kwamba ni mwanamume aliyekula chumvi nyingi. Mwaka 1975 Robert Silverberg, mwandishi mwenye jina, aliandika katika utangulizi wa kitabu cha Tiptree kwamba dhana ya kuwa huyu ni mwanamke ni upuuzi.

Mwishoni mwa 1976 Tiptree aliwadokezea rafiki zake kwamba amefiwa na mama huko Chicago, mama aliyewahi kusafiri Afrika. Mashabiki wakapekua matangazo ya vifo. Marehemu alikuwa Mary Hastings Bradley, na mtoto wake wa pekee aliitwa Alice Sheldon, aliyewahi kufanya kazi katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia. Huyo ndiye aliyekuwa Tiptree. Jina la Tiptree alikuwa amelitoa kwenye chupa ya jamu. Mwaka 1921, akiwa na miaka sita, wazazi wake walimchukua hadi milima ya volkano ya mashariki mwa Kongo, katika msafara wa mtafiti Carl Akeley wa kuwasaka gorila. Silverberg, kwa sifa yake, alikubali kwamba ameumbuka.

Kwenye tuzo, Connie Willis ana Hugo 11. Hata hivyo N. K. Jemisin alifanya lisilowahi kufanywa: alitwaa Hugo ya riwaya bora mwaka 2016, 2017 na 2018, kwa vitabu vyote vitatu vya mfululizo mmoja.

Kwa fedha, Brandon Sanderson. Zamani alilinda mapokezi ya hoteli usiku huku akiandika. Alishamaliza riwaya zaidi ya kumi ndipo ya sita ikapata mchapishaji. Machi 2022 aliwaomba wasomaji dola milioni moja kupitia Kickstarter, jukwaa la michango la mtandaoni, ili achapishe riwaya nne. Wakamchangia zaidi ya milioni 41.

Octavia Butler hakuona fedha za namna hiyo. Ujanani alikagua chipsi kiwandani na kuosha vyombo, na aliamka saa nane usiku kuandika. Mwaka 1988 alijiandikia kwenye daftari kwamba atakuwa mwandishi wa vitabu vinavyouzwa sana. Parable of the Sower, riwaya yake ya 1993, iliingia katika orodha ya New York Times mwaka 2020. Alikuwa amefariki 2006.