Ngitili: Istilahi Inayostahili Kusanifiwa

Katika Wilaya ya Maswa, iliyomo kata ya Shishiyu, na katika Usukuma kwa jumla, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani na miti vipate kukua, kisha likafunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Yaweza kuwa ya mtu mmoja, ya ukoo au ya kijiji.

Dhana hii tuiite nini katika Kiswahili? Baadhi ya waandishi hutumia "hifadhi ya malisho". Sisi tunaona kuwa istilahi hiyo ina kasoro. Mfugaji aishiye jirani na Pori la Akiba la Maswa au Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, akisikia nomino hifadhi, huelewa ardhi iliyo chini ya Serikali, asikoruhusiwa kuchunga. Ngitili ni kinyume chake: afungaye ndiye afunguaye. Kumwambia kwamba malisho yake yatakuwa hifadhi ni kumtia hofu ya kuhamishwa, na mwenye hofu hajitolei.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ufyekaji wa miti kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba uliiacha nchi tupu, na uhamiaji vijijini wa miaka ya 1970 ukafanya ngitili nyingi ziachwe. Mwaka 1986, Maswa ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mpango ulipomalizika mwaka 2004 zilikwishapita hekta 300,000. Walinzi walikuwa wananchi wenyewe: sungusungu, na dagashida, baraza la jadi lililowatoza faini wavunjaji. Wazee nao waliwatajia watafiti majina na matumizi ya miti. Katika jina la HASHI, hifadhi ni kitenzi, nacho humtuma mwananchi. Tatizo letu ni nomino.

Kanuni ya kuunda istilahi hutuelekeza kwenye lugha zetu za Kibantu kabla ya lugha za kigeni. Ndivyo tulivyopata ikulu kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya. Ngitili haina ugumu wa matamshi, na huingia bila taabu katika ngeli ya N: ngitili hii, ngitili hizi.

Kwa hiyo tunapendekeza ngitili isanifiwe, na hifadhi ibaki na maana yake. Wasomaji, hasa walimu na mabwana shamba wa Usukuma, wanaombwa kutuletea maoni.