Gama Ndogo ya Melodia: Sababu Gani Inapanda kwa Njia Moja na Kushuka kwa Njia Ingine

Mwalimu anayefundisha wimbo wa gama ndogo anakuta mara nyingi tabu hii: waimbaji wanapanda vizuri pamoja, lakini wakianza kushuka, sauti zinagawanyika. Wamoja wanashika noti zile walizopandia, wengine wanazishusha. Harmoniumu inasema hivi, waimbaji wanasema vile, na wakristu waliotaka kusali pamoja nao wananyamaza. Tabu hiyo haitoki kwa uvivu. Inatoka kwa gama yenyewe, kwa maana ni gama moja yenye njia mbili. Anayejua sababu yake ataifundisha bila taabu.

1. Gama ndogo ya asili

Tukamate vibao vyeupe vya harmoniumu, toka la mupaka la: la, si, do, re, mi, fa, sol, la. Hiyo ni gama ndogo ya asili. Inaitwa ndogo sababu toka la mupaka do kuna toni moja na nusu tu. Katika gama kubwa, toka do mupaka mi kuna toni mbili kamili. Nusu-toni ziko fasi mbili: kati ya si na do, na kati ya mi na fa.

Sasa tusikilize mwisho wake. Katika gama kubwa, si iko karibu sana na do. Ni nusu-toni tu. Ukiimba si na kusimama pale, sikio linangoja do, sawa mutu aliyefika mulangoni na kutaka kuingia. Lakini katika gama ndogo ya asili, sol iko mbali na la kwa toni nzima. Haiiti la kwa nguvu.

2. Namna gama ya melodia ilivyozaliwa

Wanamuziki wa Ulaya walitaka noti ile inayoita. Kwa hiyo walipandisha sol, ikawa sol diezi. Hapo wakapata gama ndogo ya armonia: la, si, do, re, mi, fa, sol diezi, la. Ni nzuri kwa kupanga sauti nyingi pamoja, lakini imeleta shida mupya: toka fa mupaka sol diezi kuna toni moja na nusu. Ni kama kuruka mufereji katikati ya njia. Kidole kinaruka bila shida. Sauti ya mutu inasitasita.

Kwa kuziba mufereji ule, walipandisha fa vilevile. Basi tunapanda hivi: la, si, do, re, mi, fa diezi, sol diezi, la. Na tunaposhuka? Tumekwisha kufika kwa la, tunaiacha nyuma. Hatuna tena lazima ya noti ya kuiita. Basi diezi zote mbili zinaondoka: la, sol, fa, mi, re, do, si, la. Na fa ya asili, iliyo karibu na mi, inatuvuta chini sawasawa.

Tuangalie vema: noti tano za kwanza, la, si, do, re, mi, hazibadiliki hata kidogo. Ni ya sita na ya saba tu zinazobadilika. Tukianza kwa re, ambayo ina bemoli moja katika si, ni sheria ile ile: tunapanda na si ya asili na do diezi, tunashuka na do ya asili na si bemoli.

3. Sheria iliyotoka kwa sauti

Kwa hiyo gama hii haikutoka kwa karatasi. Imetoka kwa koo la mutu anayeimba. Hata Bach, mara ingine, anashuka na noti zile zilizopandishwa, kama armonia ya fasi ile inaziomba. Basi tusome wimbo wenyewe, tusitegemee gama tu.

Wimbo wa Gregori unatuonyesha jambo la karibu. Katika modo ya kwanza, melodia ikipita la kwa noti moja tu na kurudi, mara nyingi si inapata bemoli. Ikipanda mupaka do, si inabaki ya asili. Hapo vilevile, njia ya sauti inaongoza noti.

4. Na nyimbo zetu?

Hapa Kamina tuna mufano mukubwa. Padri Guido Haazen, Mufransisko wa Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1953, aliunganisha watoto na walimu katika kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin. Missa Luba yao iliimbwa Kamina tarehe 23 Machi 1958, na mwaka ule ule kundi lilisafiri Ulaya. Maneno ni ya Kilatini, lakini Kyrie inafuata kasala ya Waluba, na Hosanna inafuata mapigo ya ngoma ya Kasai. Hawakuanza kwa noti zilizoandikwa; walianza kwa kuimba.

Mwaka 1963 Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika Sacrosanctum Concilium, uliomba muziki wa mataifa upewe heshima na fasi inayoufaa. Basi mwalimu asipandishe noti ya saba ya wimbo wa wazee wetu kwa sababu kitabu cha harmoniumu kinasema hivyo. Akifanya hivyo, anaharibu wimbo, na wazee hawataujua tena. Gama ndogo ya melodia ni ya nyimbo zilizotungwa juu yake.

5. Namna ya kufundisha

Funga harmoniumu kwanza. Waimbaji waimbe la, si, do, re, mi mupaka zikae imara. Kisha mi, fa diezi, sol diezi, la, kwa kupanda tu. Pumzika. Kisha la, sol, fa, mi, kwa kushuka tu. Rudia kila kipande peke yake, halafu viunganishe. Maneno ya wimbo yaje mwisho. Harmoniumu ikifunguliwa, itakuta sauti zimekwisha kupatana, na wakristu wataweza kuzifuata katika sala.