Khofu ya Mgonjwa Mbele ya Sindano: Je, Ni Upungufu wa Imani?



Tumeletewa swali na familia moja ya Pemba ambayo binti yao ameolewa Kasulu, mkoani Kigoma. Alipojifungua kwa upasuaji, alishindwa kutulia wakati wa sindano ya ganzi ya mgongoni, ikabidi achomwe mara kadhaa. Mama na mtoto walitoka salama, alhamdulillah. Lakini wakweze humwambia kuwa muumini wa kweli haogopi. Sasa ana mimba nyengine, na amesema hatokwenda tena hospitali. Wanauliza: khofu yake ni dhambi? Na wamsaidie vipi?

Kwanza tufahamu kinachotokea mwilini. Sindano ile hupita katika mwanya mdogo baina ya pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa akijikunja na kuutoa mgongo nje, mwanya hupanuka. Akiingiwa na khofu hujinyoosha, misuli hukakamaa na mwanya hubana. Dripu nayo ni hivyo hivyo: khofu husinyaza mishipa ya mkono, na baridi ya asubuhi ya milima ya Kibondo na Kasulu huizidishia kujificha. Wengine presha huwashuka ghafla wakazimia kwa kuiona sindano tu. Kwa hiyo daktari yule yule, kwa kifaa kile kile, kazi humwia nyepesi kwa mgonjwa mmoja na nzito kwa mwengine.

Wala si mwoga peke yake. Yupo anayejikaza: ganzi haijakolea, naye anasema yuko tayari, kisha akaguswa na kisu akaruka. Yupo mwenye haya, anayeficha kuwa amekula au amekunywa dawa za kienyeji, ilhali chakula kilichomo tumboni huweza kurudi na kuingia mapafuni akilazwa usingizi. Yupo pia anayenyamaza kwa kutofahamu lugha. Katika wilaya hizo wengi wamekulia Kiha, na miongoni mwa wakimbizi wamo wanaosema Kirundi zaidi. Akiambiwa "jikunje" asielewe, kimya chake hudhaniwa ukaidi.

Ama hukumu yake, khofu ya kimaumbile si dhambi. Qur'ani inatusimulia kuwa Nabii Musa (alayhis salaam) aliiona fimbo yake ikitikisika kama nyoka, akageuka kukimbia. Allah hakumtoa katika utume kwa hilo, bali alimtuliza. Basi nani sisi tumkemee mzazi aliyetetemeka?

Wapo wanaomtaja Urwa bin Zubayr, aliyekatwa mguu uliooza, na wanahistoria wakasimulia kuwa alikataa kunyweshwa cha kumlevya. Hiyo ni daraja aliyoruzukiwa yeye. Hatukuamrishwa kuwapimia wagonjwa wetu kwa kipimo hicho, na ganzi ya leo ni halali na ni neema.

Tutazame pia hadithi ya Bibi Aisha (radhiya Allahu anha) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipokuwa mgonjwa aliwaashiria wasimtie dawa mdomoni. Wao wakadhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamtia. Alipozindukana aliwalaumu. Hapa tunajifunza kuwa kukataa kwa mgonjwa kusikilizwe, kusidharauliwe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, iliamua kuwa ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti ya tiba, isipokuwa katika dharura inayohatarisha uhai.

Hata hivyo, binti yetu asiifanye khofu kuwa hoja ya kuzalia nyumbani. Aliyewahi kupasuliwa, kovu la mji wa uzazi huweza kuachia wakati wa uchungu, akapotea yeye na mtoto. Na Allah ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu.

Tunaiusia familia haya. Aanze kliniki mapema na amweleze mkunga yaliyompata, yaandikwe katika kadi yake. Aombe aelezwe kila hatua kabla haijafanywa. Ajizoeze kujikunja akiwa amekumbatia mto, avute pumzi polepole huku akimtaja Allah. Siku yenyewe apashwe mikono moto, na aombe muuguzi wa kike amshike mabega. Ikiwa kinachomtia wasiwasi ni sitara, aseme. Daktari wa kike Muislamu ndiye wa mwanzo, asipopatikana basi mwanamke asiyekuwa Muislamu aliye mwaminifu, kisha mwanamme. Huyo asitazame ila pale panapohitajika, na asiwe naye faragha.

Na nyinyi wakwe, mlango wa kumkumbusha subira uko wazi, lakini kumkumbusha si kumsimanga. Neno moja la upole mlangoni mwa chumba cha upasuaji huenda likamrahisishia daktari kazi yake.

Wallahu a'lam.