Mwenendo wa Gari Linapoingia Majini na Nafasi Yake katika Uchunguzi wa Ajali: Mazingira ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Katika taarifa za ajali, kitenzi kimoja, kuzama, hubebeshwa matukio matatu yasiyofanana: gari kusombwa na mkondo, gari kutumbukia katika maji yaliyotulia, na gari kwenda chini baada ya kuelea. Kwa msomaji wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mchunguzi, ambaye hitimisho lake linaweza kumfikisha dereva mahakamani kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168), au kuikosesha familia fidia ya bima, tofauti hiyo ndiyo kiini cha shauri. Makala haya yanafafanua yale ambayo majaribio ya magari majini yamebainisha, na namna yanavyoweza kutumika katika ukanda huu.

Maji ya ukanda wenyewe si ya aina moja. Mito ya msimu kama Manonga hupungua sana wakati wa kiangazi, kisha hufurika ghafla baada ya mvua kubwa. Yapo malambo ya kunyweshea mifugo, na upande wa Geita yapo maduara yaliyoachwa na mashimo ya moramu yanayogeuka mabwawa wakati wa masika. Hadi Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, magari ya njia ya Mwanza kwenda Geita yaliyopita hapo yalivushwa kwa kivuko.

Tuanze na mkondo. Gari lenye uzito wa kilo 1,050 huanza kuelea pindi sehemu zake zisizopitisha maji zinaposukuma kando takriban mita moja ya ujazo ya maji. Kwa kuwa kabini ni pana, ujazo huo hufikiwa mapema kuliko madereva wengi wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walijaribu magari halisi ndani ya maji na kuona kwamba Toyota Yaris yenye uzito huo ilisogezwa na maji ya sentimita 15 tu yaliyokwenda kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, na ilielea kabisa katika sentimita 60. Nissan Patrol ya tani 2.5 ilianza kuyumba katika sentimita 45 na kuelea katika sentimita 95. Kasi ya mita moja kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwa hiyo hoja ya dereva kwamba “maji hayakufika hata kwenye boneti” haikanushi kusombwa. Wala ukubwa wa chombo si kinga: tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, Kaunti ya Kitui, Kenya, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Katika maji yaliyotulia, kinachotawala ni muda. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyezamisha magari mara nyingi yakiwa na watu ndani, anaeleza kwamba gari huelea kwa sekunde 30 hadi dakika mbili. Maji yakishapanda kwenye vioo, mlango haufunguki kwa urahisi tena. Hesabu yake ni nyepesi: sehemu ya mlango yenye eneo la mita moja ya mraba, ikiwa na wastani wa nusu mita ya maji upande wa nje na hewa upande wa ndani, huelemewa na takriban nyutoni 4,900, sawa na uzito wa mifuko kumi ya saruji ya kilo 50. Ndiyo sababu ushauri wake ni kufungua mikanda, kushusha vioo na kutoka mara moja, watoto wakitangulia. Ajali ya kivuko cha Likoni, Mombasa, ya tarehe 29 Septemba 2019 inafahamika kwa uchungu: gari lilirudi nyuma kutoka kivukoni, likaelea kwa muda mfupi, likazama. Mama na bintiye walifariki. Gari liliopolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha takriban mita 58.

Hapa ndipo mchunguzi anapohitaji tahadhari kubwa zaidi. Gari lenye injini mbele huinamisha pua likizama, na katika kina kirefu linaweza kupinduka na kutua juu ya paa. Gari lililokutwa kifudifudi lambani, kwa hiyo, halithibitishi kwamba lilibingirika barabarani. Mikwaruzo ya paa na udongo wa ukingoni ndivyo vinavyopaswa kuulizwa kwanza. Mikanda iliyofunguliwa huku milango ikiwa imefungwa haimaanishi ulevi wala usingizi: inaendana kabisa na mtu aliyejaribu kutoka akashindwa na uzito wa maji. Kioo cha pembeni kisichovunjika nacho kina maelezo yake. Kioo kilichokazwa kwa joto hupasuka vipande vidogo kikigongwa kwa ncha kali, lakini kioo cha tabaka, ambacho sasa kimo katika milango ya magari mengi mapya, hakikuvunjwa na kifaa chochote kati ya sita vilivyojaribiwa na chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, mwaka 2019. Kioo kilichovunjika, kwa upande mwingine, huenda kilivunjwa na waokoaji au na mnyororo wa winchi. Bila picha zilizopigwa kabla ya gari kuvutwa, swali hilo halijibiki tena.

Majaribio yote hayo yalifanywa katika maji, nasi tuna tope. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likasambaa hadi kwenye makazi na mashamba. Tukichukua, kwa mfano tu, tope lenye kilo 1,400 kwa mita ya ujazo, gari letu la kilo 1,050 litaelea kwa kusukuma kando mita za ujazo 0.75, yaani katika kina kidogo zaidi kuliko majini. Kwa sababu hiyo, vipimo vya sentimita vya Australia visihamishiwe katika tope la migodini kabla ya kulipima tope lenyewe. Ndoo yenye ujazo unaojulikana na mizani ya dukani vinatosha kwa kipimo cha awali, mradi sampuli ichukuliwe siku ya ajali, kabla jua la Shinyanga halijaikausha.