TEMBO LISILOPANDA NDEGE

Msomaji, ukimwona mtu ametoka Ujerumani, nchi ambayo watu wake wanasifika ulimwenguni kwa kupika bia, na neno lake la kwanza baada ya salamu ni "Mnazi uko wapi?", usimcheke. Ana haki yake.

Mmoja wa namna hiyo nilikutana naye juzi hapa Kisauni. Ni mzaliwa wa hapa hapa, na ameishi Hamburg miaka kumi na tisa. Nilimkuta mangweni, chini ya makuti, ameketi na mjomba wake, mboko mkononi na mrija mdomoni. Hakusema neno mpaka kibuyu kilipofika nusu.

"Huko sikosi kitu," akaniambia. "Bia zao ni nzuri, siwezi kuzitukana. Lakini hata ninywe ya aina gani, koo linaniambia: siyo."

Kwa nini basi asifunge chupa mbili tatu sandukuni akaondoka nazo? Jibu limo katika maumbile ya kinywaji chenyewe.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kotama yake kali kiunoni. Karara ambalo halijafunguka hufungwa kamba, na kila apandapo hulikata ncha kipande chembamba, ili utomvu udondoke ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa hapo. Utomvu huo ni mtamu kama maji ya sukari. Lakini hamira za asili, zilizomo hewani na katika kibuyu chenyewe, hazingoji ruhusa ya mtu. Huanza kuila sukari tangu tone la kwanza. Lililoshuka asubuhi likiwa tembo tamu, jioni ni tembo kali, na baada ya siku chache limekwisha kuwa siki. Ukilitia chupani ukakaza kifuniko, hewa inayozalika humo yaweza kuipasua chupa.

Bia haina haraka hiyo. Tangu mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliagiza itengenezwe kwa shayiri, hopi na maji tu. Ya viwandani leo huchujwa au hupashwa moto hamira zife, ikafungwa, ikakaa miezi. Ndiyo sababu Mkenya aliye London aweza kuipata Tusker dukani. Na hapo pana kichekesho: kibandiko cha Tusker kina picha ya ndovu, kwa kumkumbuka George Hurst, mmoja wa waasisi wa kiwanda, aliyeuawa na ndovu mwaka 1923. Ndovu kwa jina jingine ni tembo. Basi tembo wa kibandiko amepanda ndege, na tembo la mgema limebaki Kisauni!

Ndugu zetu wa Ghana na Nigeria wamejaribu. Tembo lao la michikichi hupashwa moto, likatiwa chupani na kuuzwa katika maduka ya Waafrika huko Ulaya. Mwenzetu huyu amelionja.

"Ladha ipo," alisema, "lakini limelala. Halichemki ulimini."

SI KILEO TU

Majirani zetu wengi hapa ni Waislamu, wasiogusa kileo. Hata hivyo, wapishi wa zamani wa pwani walilijua tembo kama chachu ya kuumulia mikate. Kwa Wamijikenda wanaoshika mila, tembo ni zaidi ya kinywaji. Hupelekwa kwa wazee posa inapofikishwa, huwekwa kati shauri linapoamuliwa, na humwagwa chini kuwakumbuka koma, yaani mizimu ya waliotangulia. Mtaalamu David Parkin aliandika kitabu kizima mwaka 1972 juu ya Wagiriama, minazi yao, tembo lao na ushahidi wa wazee katika mambo ya mali.

Hapo ndipo mwenzetu alipoumia. Binti yake aliposwa huko Hamburg, na wazee walitakiwa wapewe chao. Tembo atalitoa wapi? Alimpigia simu mjomba wake.

"Mjomba akamimina hapa uani," alisema, "nami nikasikiliza kule. Nilisikia likidondoka mchangani. Nililia, ndugu yangu, na wakwe wananitazama."

NANI ATAPANDA KESHO?

Mjomba mtu alikuwa kimya muda wote huo. Zamani alikuwa mgema. Sasa magoti yamekataa, na minazi aliyokuwa akiigema imekatwa, viwanja vikagawanywa, nyumba za mawe zikasimama. Alinionyesha kwa kidole: pale palikuwa na minne, pale kwenye tangi la maji miwili.

Siku hizi tembo la Kisauni hushuka kutoka upande wa Kilifi. La Likoni hutoka Kwale, na la Changamwe huteremka kutoka Rabai na Kaloleni, katika mitungi ya plastiki. Kila saa barabarani ni saa ya utamu unaopotea.

"Na vijana?" nilimwuliza.

"Vijana wanataka bodaboda, mwanangu. Siwalaumu. Ukianguka na pikipiki, angalau umeanguka kutoka karibu."

Mpwa wake hakucheka. Alisema kule Hamburg hujipa moyo kwa jambo moja tu, kwamba siku atakayorudi atalikuta tembo. Safari hii amelikuta, lakini si la minazi ya mjomba wake. Safari ijayo hajui.

Aliporudi muuzaji na mtungi, aliomba kibuyu cha pili, kisha akauliza jina la mgema aliyeligema, ampelekee salamu na chochote.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huenda ni kweli. Lakini kwa hali tuliyo nayo bara hii ya Mombasa, hofu kubwa zaidi ni kwamba asiposifiwa, hatapanda kabisa.