Upatano wa Majina ya Makundi

Ndugu walimu, wanafunzi wetu hukosa majina ya makundi kwa kufuata Kiswahili. Kwetu ngeli hutawala kitendo: njiani Olasiti ‘kundi la ng'ombe limepita’, bali ‘ng'ombe wamepita’. Kiingereza hakina ngeli; hutazama umoja na wingi, na pengine maana. Uingereza husemwa ‘the committee has decided’, halmashauri ikihesabiwa kitu kimoja. Tena ‘the committee have quarrelled’, wajumbe wakitazamwa mmoja mmoja. Marekani hupendelea umoja. Lakini ‘police’ huchukua wingi pande zote mbili. Basi, mwalimu asitie alama ya kosa kabla hajauliza: mwandishi awaza halmashauri, au watu wake? Naye mwandishi akiisha kuchagua, asigeuze katikati ya sentensi.